Jani Jeusi, Ganda Nene: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Naitrojeni na Michungwa

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wenye michungwa, na karibu yote yanazunguka mbolea ya kukuzia, yaani ile yenye naitrojeni. Wapo walioizidisha, wapo walioinyima miti yao, na yupo aliyeimwaga mara tatu kutibu ugonjwa ambao si wake.

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina michungwa 120 ya miaka tisa. Mvua za vuli niliweka urea kilo mbili kila mti, kisha mwezi wa tano nikaongeza kilo moja ili matunda yanenepe. Miti imependeza kweli, majani makubwa, kijani chake kinaelekea weusi. Lakini huu ni mwezi wa saba na machungwa bado ya kijani, ganda nene, ukikamua maji ni machache na yana ukali. Wanunuzi wa Dar wamekuja wakakata moja, wakaondoka. Ni urea au ni mbegu mbaya? – *Mkulima, Muheza*

JIBU: Marahaba. Umefunga mizigo miwili kwenye kamba moja, rangi na ganda. Tuifungue kwanza.

Ukijani peke yake usikutie hofu. Ganda la chungwa hupoteza ukijani pale usiku unapopoa, joto likishuka kwenye nyuzi 13 hivi au chini ya hapo. Ndipo klorofili, ile rangi ya kijani, huvunjika na rangi ya manjano iliyojificha chini yake ikaonekana. Usiku wa Muheza hauufikii ubaridi huo, wala wa Mkuranga, wala wa Unguja. Machungwa ya ukanda wa pwani huiva na kunoga yakiwa ya kijani, na mlaji wa Kariakoo analijua hilo tangu utotoni. Hata viwango vya kimataifa vya Codex vinalipokea chungwa la kijani linalotoka kwenye joto na unyevu mwingi, ila kwa aina nyingi vinadai maji yafike asilimia 45 ya uzito wa tunda, wakati chungwa la kawaida lililopata rangi linadaiwa 35.

Kipimo hicho unakiweza jikoni. Chuma machungwa kumi kutoka miti tofauti, upande wa jua na upande wa kivuli. Yapime kwa mzani, tuseme yamekuja kilo mbili. Kata, kamua kwa mkono mpaka basi, chuja, kisha upime maji yenyewe. Yakifika gramu 900, tunda lako liko sawa hata kama ni la kijani kama jani la mgomba. Yakiwa gramu 600, wanunuzi walikuwa na haki ya kuondoka.

Sasa ganda, ukame wa tunda na ukali. Hapo urea haina pa kujificha. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo zako tatu zimemwaga karibu gramu 1,400 za naitrojeni kwenye mti mmoja. Mchungwa mzima unaobeba vizuri hutosheka na gramu 400 hadi 500 kwa mwaka. Umempa mtu mmoja sahani za watu watatu.

Mti ukishiba hivyo hufanya kile naitrojeni inachouagiza: kuchipua. Sukari inayotengenezwa na majani, ambayo ingeshuka kwenye tunda, inakwenda kujenga matawi mapya. Tunda lenyewe linaendelea kukuza ganda badala ya kujaza vifuko vya maji, na uchachu unachelewa kushuka. Kata chungwa lako katikati utazame. La kawaida lina ganda la milimita nne au tano, lenye utando mweupe mwembamba. Lililozidishiwa utaona utando mweupe umevimba kama sifongo na ganda zima linakaribia unene wa penseli. Ngozi ya nje nayo huwa na mabonde, si laini. Mnunuzi mzoefu hakati hata moja: anabonyeza kwa dole gumba, ganda likibonyea kabla ya nyama anajua.

Ile kilo ya mwezi wa tano ndiyo iliyoharibu zaidi. Machungwa yenu mengi hutoka kwenye maua ya vuli na huvunwa katikati ya mwaka. Mwezi wa tano tunda limeshamaliza kazi ya kugawanya chembe zake, linasubiri kujaza sukari na kupunguza uchachu. Naitrojeni ikija wakati huo inaurudisha mti utotoni. Kwa aina zinazochelewa kuiva, kama Valencia, hata tunda lililoanza kugeuka manjano linaweza kurudi kijani.

Ufanye nini? Kwa tunda lililoko mtini, dawa ni subira. Liache wiki tatu hadi tano zaidi, ukionja kila wiki, maana uchachu hushuka polepole. Ila chunga nzi wa matunda, naye anasubiri kama wewe. Vuli ijayo usiweke naitrojeni kabisa. Masika inayofuata weka nusu ya kipimo, halafu uamue kwa kutazama majani. Maotea yanayosimama wima katikati ya mti yang'oe kwa mkono yakiwa bado laini, lakini usipogoe kwa nguvu, kwani mti ulioshiba ukikatwa hujibu kwa kuchipua mara mbili, na machipukizi laini ndiyo karamu ya vidukari na ya yule kiwavi anayechora mistari ya fedha juu ya majani.

Na tafadhali usikimbilie potasi eti "ilainishe" ganda. Ushauri huo umeenea sana vijiweni na umepinda. Mti wenye upungufu wa potasi hutoa vitunda vidogo na ukiupa utafaidika, ndiyo. Lakini potasi ikizidi, nayo hunenepesha ganda na kuongeza uchachu, sawasawa na tatizo ulilonalo. Fosforasi ndiyo inayohusishwa na ganda jembamba na uchachu mdogo, na hata hiyo hufanya kazi pale tu udongo unapokuwa na upungufu wake.

Mbegu yako haina kosa.

SWALI: Habari za kazi. Majani ya michungwa yangu yamegeuka manjano. Jirani akaniambia ni njaa ya naitrojeni. Nimeweka CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalisi) mara tatu tangu mwaka jana, gramu 500 kila mara, na hakuna tofauti. Je, niongeze? – *Msomaji, Makueni*

JIBU: Usiongeze. Mbolea ikishindwa mara tatu, basi mti haukuwa na njaa ya mbolea hiyo. Manjano ya mchungwa yana sura nyingi, na kitu cha kwanza cha kutazama ni *jani lipi* limeanza, kabla ya kujali limekuwa na rangi gani.

Naitrojeni hutembea ndani ya mti. Ikipungua, mti huinyang'anya kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga. Kwa hiyo njaa ya kweli ya naitrojeni huanzia majani ya chini na ya ndani. Jani zima hufifia kwa usawa, mishipa nayo ikiwemo, bila madoa wala michoro, kisha hudondoka mapema. Mti unakuwa mwangavu, ukisimama chini yake unaona anga. Machipukizi mapya ni mafupi, majani yake madogo, na vitawi vya nje hukauka kuanzia nchani.

Chukua majani kumi, uyainue yapitishe mwanga wa jua, uyalinganishe na haya:

Likiwa ni jani *changa* na mishipa yake imebaki kijani kama wavu juu ya kitambaa cha manjano, hiyo ni njaa ya chuma. Huonekana sana kwenye udongo wenye chokaa nyingi au uliotuama maji. Hapa CAN haisaidii kitu, kwani ina kalisi na haishushi ukali wa chokaa. Ungetumia SA (salfeti ya amonia), mbolea ya naitrojeni inayoongeza asidi kwenye udongo, ungeona unafuu kidogo.

Likiwa changa, dogo, jembamba, limesimama wima kama sikio la sungura, na manjano yamekaa kwa mabaka kati ya mishipa, ni zinki. Hii ni ya kawaida sana kwenye michungwa, na kumwaga naitrojeni nyingi huifanya ionekane zaidi kwa sababu mti unakua haraka kuliko zinki inavyopatikana. Inatibiwa kwa kunyunyizia majani, chipukizi linapokuwa limefika theluthi mbili ya ukubwa wake.

Jani la *zamani* lililobaki na pembetatu ya kijani kwenye kitako, karibu na kikonyo, huku ncha na kingo zikiwa manjano, ni magnesi. Aina zenye mbegu nyingi huipata zaidi, maana mbegu hubeba magnesi nyingi.

La mwisho ndilo ninaloliogopa. Kunja jani kwa urefu kwenye mshipa wa kati, nusu juu ya nusu, kisha lifunue. Upungufu wa chakula hufanana pande zote mbili, kushoto na kulia kama kwenye kioo. Ukiona mabaka hayalingani, upande mmoja umepauka na mwingine haujapauka au umepauka pengine kabisa, na imeanza kwenye tawi moja tu wakati mti mzima uko sawa, shuku griningi. Ni ugonjwa wa bakteria unaobebwa na kidudu mdogo anayefyonza utomvu wa machipukizi. Kata tunda la tawi hilo: likiwa limepinda upande, mbegu zimesinyaa na kuwa kahawia, na maji ni machungu, mwite afisa kilimo kabla hujanunua hata kilo moja ya fatalaiza. Ugonjwa huo hauna tiba, mti hung'olewa. Mbaya zaidi, naitrojeni nyingi inamwitia kidudu huyo machipukizi laini ya kutagia mayai.

Fukua kidogo na kwenye shina pia. Gundi inayotoka kwenye gome karibu na ardhi, au mizizi inayonuka uozo, hutoa manjano yanayofanana kabisa na njaa ya naitrojeni, kwa sababu ni njaa kweli: chakula kipo, mdomo ndio mgonjwa.

Ukitaka jibu lisilobishaniwa, peleka majani maabara. Chuma majani ya miezi minne hadi sita, ya kimo cha mkono wako, kutoka vitawi *visivyobeba* tunda, ukizunguka miti kama 20 mpaka upate majani 100 hivi. Tia kwenye mfuko wa karatasi, kwani kwenye plastiki yataoza. Yasiwe yamenyunyiziwa mbolea ya majani karibuni. Naitrojeni ikirudi chini ya asilimia 2.2 ya uzito mkavu, mti una njaa. Kati ya 2.5 na 2.7 ndipo pazuri. Ikipita 3.0, funga gunia. Huko Kenya maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, hupima. Wa Tanga wana kituo cha Mlingano cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, ambacho kazi yake ya miaka mingi ni udongo.

SWALI: Nipatie kipimo kamili cha urea, CAN na SA kwa mti mmoja, na namna ya kuweka. Kila mtu ananipa kipimo chake, na wengine wanatumia kopo. – *Mkulima kijana, Handeni*

JIBU: Kopo ndilo linalowagombanisha. Kopo la nusu lita likijaa urea hubeba takriban gramu 370, likijaa CAN hukaribia gramu 500. Na hata gramu zikilingana, nguvu hazilingani: urea ina naitrojeni asilimia 46, CAN karibu 26, SA 21. Pima mara moja kwa mzani wa dukani, weka alama ya rangi kwenye kopo lako, na kila mbolea iwe na alama yake.

Hesabu kwa naitrojeni halisi, kwa mwaka. Mche wa mwaka wa kwanza unatosheka na gramu 50 hadi 100, mwaka wa pili 150, wa tatu 200, wa nne na wa tano 300. Kuanzia hapo, ukiwa unabeba vizuri, 400 hadi 500. Kwa mti mzima hiyo ni kilo moja ya urea, *au* kilo 1.8 za CAN, *au* kilo 2.2 za SA. Ni kimojawapo, si vyote. Tani moja ya machungwa huondoka shambani na naitrojeni kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo mti uliotoa kilo 50 usiulishe kama uliotoa 200.

Kwa anayetegemea mvua, gawa: theluthi mbili vuli inapoanza, mti ukijiandaa kuchanua, na theluthi moja masika inapoanza. Isipite mwanzo wa mwezi wa nne. Udongo ukiwa wa kichanga gawa mara tatu au nne ndani ya vipindi hivyo, kwani mvua kubwa moja huipitisha naitrojeni chini ya mizizi. Miche ipate kidogo kidogo kila mvua.

Siku ya kuweka, ardhi iwe na unyevu. Palilia kwanza kwa kuparua, usizamishe jembe: mizizi inayokula iko juujuu, mingi ndani ya sentimita 30 za mwanzo. Simama saa sita mchana utazame kivuli cha mti kinapoishia. Tawanya kuanzia hatua moja kutoka shinani hadi nje kidogo ya ukingo huo, duara zima. Usiweke rundo wala usigusishe shina, gome litaungua na kutoa gundi.

Urea ifukie kwa sentimita tano za udongo au uiweke mvua inapokaribia. Ikikaa juu ya majani makavu na jua likaipiga, hugeuka amonia na kupaa. Ile harufu ya choo unayoisikia asubuhi yake ni pesa yako. Na acheni kuichanganya na majivu! Wengi hufanya hivyo "kuongeza potasi". Majivu, kama chokaa, huifukuza amonia kutoka kwenye SA papo hapo, na urea nayo hupotea zaidi. Tenganisha kwa wiki tatu au nne.

SA ni nzuri na ina salfa, ila inachachusha udongo. Kila kilo yake huhitaji takriban kilo moja ya chokaa ya kilimo kuirudisha ilipokuwa. Ukiitumia miaka mitatu mfululizo, pima pH, kipimo cha uchachu wa udongo (namba ikishuka, uchachu umeongezeka). Ikishuka chini ya 5.5 hamia CAN. Kama umepanda mahindi kati ya mistari, yalishe kwa hesabu yake, vinginevyo yatakula ya mchungwa, na mahindi yana mdomo mkubwa.

SWALI: Marehemu mzee wetu hakuwahi kutia mbolea yoyote na machungwa yake yalikuwa matamu kuliko haya ya leo. Kwa nini tujisumbue? – *Msomaji, Korogwe*

JIBU: Alikuwa na machungwa matamu kweli. Mti wenye naitrojeni kidogo hutoa matunda yenye ganda jembamba, laini, yanayowahi kuiva na uchachu mdogo. Ila hutoa machache, na shamba lililofyekwa msituni lilikuwa na akiba ambayo wewe huna tena. Mti ukizidi kudhoofika utaingia kwenye mtindo wa kuzaa mwaka huu na kupumzika ujao, na maua mengi yatapukutika kabla ya kushika. Kama soko lako ni la nyumbani, lisha gramu 250 badala ya 450 na ufurahie utamu. Kama unauza kwa lori, hesabu haitakubali.

SWALI: Nafuga kuku wa nyama. Nimeweka madebe sita ya mbolea ya kuku kwa kila mchungwa. Hii si ya chumvichumvi, kwa hiyo haina madhara, au siyo? – *Mfugaji, Kilifi*

JIBU: Mchungwa haujui naitrojeni imetoka kiwandani au bandani. Debe la mbolea kavu ya kuku huwa na kilo 10 hivi, na katika kila kilo 100 kuna naitrojeni kilo zipatazo tatu. Madebe sita ni gramu 1,800, zaidi ya aliyoweka ndugu yetu wa Muheza. Haitoki yote kwa mwaka mmoja, na hilo ndilo tatizo: itaendelea kutoka wakati tunda linataka kuiva. Debe moja na nusu linatosha, likiwa limeoza miezi miwili au mitatu, vuli tu. Samadi ya ng'ombe ni pole zaidi, unaweza kufika madebe manne.

SWALI: Nilinyunyiza urea kwenye majani kwa bomba la mgongoni. Ncha zote zimekuwa manjano, nyingine zimeungua. Nilikosea wapi? – *Msomaji, Mkuranga*

JIBU: Yaliyoungua ni ukali wa dawa au jua. Kipimo salama ni gramu 100 kwa maji lita 10, yaani 150 kwa bomba la lita 15, na hunyunyizwa jioni au alfajiri. Hizo ncha za manjano zisizoungua ni kitu kingine: biureti, uchafu unaozaliwa urea inapotengenezwa kwa moto mkali. Michungwa haiivumilii. Urea ya kunyunyiza isizidi biureti asilimia 0.25, na ya shambani mara nyingi ina zaidi, kwa hiyo soma gunia. Majani yaliyopata rangi hiyo hayatarudi kijani, hata ukiyanyunyizia nini. Ngoja chipukizi linalofuata: likitoka safi, mti umepona.